Nyumba ishauzwa lakini haijauzwa: vile unaweka ofa nyuma ya mnunuzi wa kwanza hapa Mombasa

Umeona nyumba Tudor, ama Nyali, ama kule Bamburi, umeipenda mpaka usiku hulali unapanga sofa itakaa wapi, halafu dalali anakwambia "kaka hiyo ishaliwa, kuna mtu kashalipa." Wengi hapo wanakata tamaa wanaenda zao. Wengine wanatoa pesa papo hapo wamzidi yule wa kwanza. Wote wamekosea, na mie nimekuwa wote wawili kwa nyakati tofauti ndio maana naandika haya.

Shida iko kwa hilo neno "kashalipa". Huku kwetu mtu akitoa dipoziti tu, mtaa mzima unasema nyumba imeuzwa. Lakini mikataba mingi ina masharti ndani, na sharti lisipotimia dili inakufa na nyumba inarudi sokoni, na mara nyingi hairudi kwa tangazo, inarudi kwa simu moja tu kwa mtu ambaye muuzaji anamkumbuka. Unataka uwe huyo mtu. Na unataka uwe huyo mtu bila kutoa hata shilingi kabla wakati wake.

Mie si loya, niseme mapema. Nimenunua nyumba moja kwa njia hii na nimepoteza pesa kwa nyingine.

HATUA YA 1: Jua dili ya kwanza imefika kituo gani

Kituo cha kwanza ni maneno na barua ya ofa. Maneno ya mdomo hayamfungi mtu kwa mambo ya ardhi, Sheria ya Mikataba kifungu cha 3(3) inataka mkataba uwe wa maandishi, usainiwe na pande zote, na kila saini iwe na shahidi aliyekuwepo pale pale. Barua ya ofa nayo kawaida imeandikwa wazi kwamba hakuna aliyefungwa mpaka mkataba kamili usainiwe. Kama huyo wa kwanza yuko hapa, basi uwanja bado uko wazi, peleka ofa yako.

Kituo cha pili ni mkataba wa mauzo umesainiwa, dipoziti imetoka (kawaida asilimia 10), na kuna muda wa kukamilisha, mara nyingi siku 90. Hapa muuzaji amefungwa. Hawezi kukuuzia wewe kisheria hata akitaka, hata ukimuongeza milioni mbili. Lakini kama mkataba una sharti ambalo halijatimia, kuna mlango mdogo, na mwongozo huu unahusu huo mlango.

Kituo cha tatu ni transfa (kuhamisha umiliki) kusajiliwa. Hapo tafuta nyumba nyingine yakhe.

HATUA YA 2: Tafuta sharti lenyewe ni gani

Hii ndio kazi kubwa na watu wanairuka. Wanauliza "je bado inauzwa?" wakati swali la maana ni "dili ya kwanza inasubiri nini?"

Nyumba yangu ya Tudor niliisikia kwa muuza kahawa. Dalali alishaniambia imekwenda, lakini yule mzee wa kahawa akasema mwenye nyumba bado analalamika. Nikapitia kwa jirani anayemjua, tukaenda alasiri. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu, tukakaa barazani, tukaongea mambo ya joto na maji ya mfereji hayaji wiki ya pili, na sikusema kitu cha nyumba mpaka aliposema mwenyewe. "Kuna kijana alitoa dipoziti, lakini benki yake yamzungusha. Mwezi wa nne huu." Akaingia ndani akatoka na bahasha ya kaki iliyokuwa na duara la kikombe cha chai juu yake, akanifungulia ukurasa mmoja. Mistari miwili tu nilihitaji: ununuzi unategemea mnunuzi kupata mkopo wa benki, na tarehe ya kukamilisha. Tarehe ilikuwa imepita siku kumi na moja.

Sasa masharti yenyewe hayako sawa, na ukijua lipi ni lipi utajua kama inafaa kusubiri.

Loni ya mnunuzi ndio nimeona ikianguka zaidi. Mtu anakubaliwa na benki kwa maneno, halafu mthamini wa benki anakuja anaipa nyumba bei ya chini kuliko waliyokubaliana, benki inakata mkopo, mnunuzi hana pesa ya kuziba pengo. Ukisikia ni loni, subiri.

Mnunuzi anauza mali yake kwanza ndio apate pesa, hii pia huanguka sana, maana naye ana mnunuzi wake ambaye naye anasubiri kitu. Subiri pia.

Mirathi ni kitu kingine. Marehemu ameacha nyumba, watoto wamekubaliana kuuza, wanasubiri karatasi za mahakama, iwe ni Kadhi ama mahakama nyingine. Hiyo haifi, inachelewa tu. Na siku ikiisha, mnunuzi wa kwanza bado yupo. Usijifunge hapo, isipokuwa kama kuna mrithi mmoja aliyekataa kusaini, na hapo kwanza jiulize kama hata wewe unataka ugomvi wa watu.

Nyumba ina deni la benki na inasubiri benki ya muuzaji iachilie hati, hiyo mara nyingi inamalizika. Ploti za Mtwapa ndani ndani ama upande wa Kwale ambazo ni shamba, hizo zinahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na sheria imeweka miezi 6 tangu mkataba kupeleka ombi, idhini isipopatikana mkataba hauna nguvu. Muulize muuzaji kama ombi lilipelekwa na lini.

Halafu usidanganyike na tarehe. Tarehe ya kukamilisha kupita haimaanishi mkataba umekufa. Mikataba mingi inafuata masharti ya Chama cha Wanasheria, na humo aliye tayari lazima ampe mwenzake notisi ya siku 21 ya kukamilisha kwanza. Kwa hiyo uliza: notisi imetoka? Kama haijatoka, saa haijaanza hata kuhesabu. Yule mama wangu alikuwa hajatoa notisi yoyote, anasubiri tu kwa sababu anaona aibu, kijana mwenyewe wanafahamiana na mamake.

(Binamu yangu aliye Marekani ananicheka, kule tangazo la nyumba linaandikwa kabisa "contingent", yaani ina mnunuzi lakini kuna sharti, kila mtu anaona, na wana kipengele kinachomruhusu muuzaji kuendelea kuonyesha nyumba, akija wa pili yule wa kwanza anapewa muda mfupi, mara nyingi masaa 72, aondoe sharti lake ama atoke. Hapa mikataba mingi haina kitu kama hicho, lakini uliza, kama kipo umebahatika.)

HATUA YA 3: Sachi, na macho yako

Fanya sachi rasmi, yaani upekuzi wa rekodi za hati, kwa msajili wa ardhi. Tazama jina la mwenye, aina ya umiliki (friholdi, yaani ya kudumu, ama lizi, yaani ya kukodishwa kwa miaka, na lizi imebaki miaka mingapi), halafu shuka ile sehemu ya vizuizi. Unatafuta neno kaushoni, yaani zuio linalowekwa na mtu anayedai haki kwa hiyo ardhi. Mnunuzi mwenye mkataba ana haki ya kuiweka, na ikiwepo hakuna transfa inayopita bila yeye. Kama ipo, huyo wa kwanza ana loya macho na hataondoka kimya kimya.

Lakini sachi safi haisemi hakuna mnunuzi. Mkataba wa mauzo hausajiliwi popote, unaweza kuwa kwa droo ya loya na sachi ikatoka nyeupe pe.

Na sisi wa Mombasa tuna mambo yetu. Nyumba bila ardhi: mtaa kama Majengo mtu ana nyumba lakini ardhi ni ya mwingine, analipa kodi ya ardhi. Hapo sachi itakupa jina la mwenye ardhi tu, haitakwambia lolote kuhusu nyumba wala nani kaahidiwa, kwa hiyo taka risiti za kodi ya ardhi na ukubali wa mwenye ardhi kwa maandishi. Na ukisikia neno wakfu, simama. Mali ya wakfu kwa kawaida haiuzwi, asikudanganye mtu.

Kuhusu nyumba yenyewe, usingoje mpaka dili ya kwanza ife ndio ukague. Omba kuingia sasa. Onja maji ya kisima (mie nilionja, chumvi tupu, nikajua nitahitaji tangi la maji matamu na bauza (lori la maji), hiyo ni hesabu). Tazama dari ya zege upande unaoelekea bahari, ukiona plasta imetumbuka na alama za kahawia basi vyuma vya ndani vinaliwa na kutu, na hiyo si kazi ya rangi. Mjulishe fundi wako akupe bei.

HATUA YA 4: Loya wako, si wao

Usitumie loya wa muuzaji hata kama dalali anasema "ndio itakuwa rahisi". Loya huyo ndiye aliyeandika mkataba wa kwanza, anadaiwa uaminifu na muuzaji, na huenda ana dipoziti ya mtu mwingine kwa akaunti yake. Wako amwandikie yeye na aulize maswali matatu kwa barua: je kuna mkataba unaoendelea, unategemea nini, na je mteja wenu yuko huru kupokea ofa ya akiba, yaani ofa inayokaa nyuma ya mkataba wa kwanza. Jibu la barua lina uzito kuliko mtu kukuonyesha ukurasa barazani.

HATUA YA 5: Bei

Kila mtu anadhani ofa ya pili lazima iwe kubwa. Si kweli. Muuzaji aliyechoka na kusubiri hatafuti laki tano zaidi, anatafuta mtu ambaye hatamzungusha. Yule mama alikuwa anauza milioni 14 kwa kijana, mie niliweka 13 na nusu, lakini nikaweka na barua ya benki kwamba mkopo wangu umekubaliwa kwa maandishi na sehemu kubwa iko taslimu, na nikasema atakaa nyumbani mwezi mmoja baada ya kulipwa apate kuhamisha vitu polepole. Huo mwezi ndio ulimgusa kuliko pesa.

Fanya hesabu yako kamili kabla ya kutaja bei. Kwa milioni 13.5, dipoziti ni 1,350,000. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, kwa hiyo 540,000, na serikali inatuma mthamini wake, akisema nyumba ni ya bei zaidi basi ushuru unapanda. Juu yake loya, mthamini, fundi. Muuzaji naye ana kodi ya faida, asilimia 15 ya faida tangu 2023, na wauzaji wengine wanagundua hiyo katikati ya safari wanaanza kutaka bei ipande. Mkumbushe mapema kwa heshima.

HATUA YA 6: Andika ofa ya akiba

Loya ataandika lakini wewe ujue nini kinatakiwa kuwa ndani. Kwanza kabisa iseme wazi kwamba unajua kuna mkataba wa kwanza na kwamba ofa yako haianzi kazi mpaka huo mkataba uvunjike kihalali na kwa maandishi. Bila huo mstari unaweza kuonekana ulimshawishi muuzaji avunje mkataba, na kwa hilo unaweza kushtakiwa wewe binafsi.

Iseme bei imefungwa. Iseme muuzaji akimuongezea wa kwanza muda akujulishe ndani ya siku chache, tatu ama tano. Iseme dili ya kwanza ikifa, wewe ndiye wa kwanza kupewa mkataba kabla nyumba haijaonyeshwa mwingine. Iwe na tarehe ya kufa, siku 60 ama 90, usijifunge milele. Na uwe na ruhusa ya kujitoa wakati wowote kabla haijaanza kazi, maana ukipata nyumba nyingine Kizingo utakuwa umekwama bure.

Na pesa? Hakuna. Sifuri. Hapa nieleze kidonda changu. Miaka ya nyuma niliona fleti Bamburi, ilikuwa na mnunuzi, dalali mmoja akanishawishi nitoe 150,000 "ya kushikilia", nikatuma kwa simu, akanipa risiti ya kuandikwa kwa mkono bila hata anwani. Mnunuzi wa kwanza akamaliza dili yake vizuri kabisa. Mie nilizunguka miezi saba kufuata pesa yangu, nikarudishiwa 90,000 kwa vipande vipande, mara elfu tano, mara elfu kumi. Ofa ya akiba haihitaji pesa ya kushikilia kwa sababu hakuna kitu cha kushikilia bado. Muuzaji akisisitiza sana, weka kidogo kwa akaunti ya loya wako, na barua iseme inabaki hapo mpaka mkataba wako usainiwe.

HATUA YA 7: Subiri kwa adabu

Usimpigie mnunuzi wa kwanza. Usimtume mtu amwambie nyumba ina majini ama hati ina kesi (nimesikia, wallahi). Kisheria ni hatari, na kwa wengi wetu dini pia inasema, ile hadithi inayokataza mtu kununua juu ya ununuzi wa nduguye. Nilimuuliza maalim mmoja kabla ya kuandika ofa yangu, akaniuliza mie: "Wewe wamvuta mtu atoke, ama umekaa nyuma yake?" Nikasema nimekaa nyuma. Akasema basi kaa nyuma kweli kweli.

Wakati unasubiri, endelea kutafuta nyumba nyingine. Na angalia tarehe ya barua ya benki yako, ofa za mkopo zina mwisho.

HATUA YA 8: Siku dili ya kwanza inakufa

Simu itakuja jioni, na utataka kukimbia kusaini. Tulia. Dili kufa kwa maneno na dili kufa kwa karatasi ni vitu viwili.

Unataka kuona barua ya kuvunja mkataba, jibu la loya wa mnunuzi wa kwanza akikubali, kaushoni imeondolewa kama ilikuwepo, na hati halisi imerudi kwa loya wa muuzaji, maana wakati mwingine ilishapelekwa benki ya mnunuzi wa kwanza. Halafu sachi mpya, ya wiki hiyo hiyo, ile ya zamani tupa.

Na dipoziti ya kwanza iko wapi? Hapa ndipo panapochoma. Kama iko kwa akaunti ya loya, inarudishwa ama wanagombana juu ya nani abaki nayo, mikataba mingi inampa muuzaji haki ya kubaki na dipoziti kama mnunuzi ndiye aliyeshindwa, lakini kama sharti la loni halikutimia huenda inatakiwa irudi yote. Huo ugomvi ndio unaochelewesha wa pili kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu wa kwanza hatoi kaushoni mpaka alipwe.

Na mara nyingine dipoziti ishaliwa. Yule mama wa Tudor walikubaliana na kijana aitumie, akaezeka upya na kumlipia mwanawe karo. Kwa hiyo ili kumrudishia kijana, alihitaji pesa yangu. Hapo wengi wanaumia: unatoa dipoziti, muuzaji anaitumia kwa jambo lingine, wa kwanza hajalipwa, na sasa nyumba ina watu wawili wanaodai. Tulichofanya ni hivi. Karatasi tatu zilisainiwa siku moja, mkataba wangu, makubaliano ya kuvunja mkataba wa kwanza, na fomu ya kuondoa kaushoni, zote zikakaa kwa loya wangu hazijaachiliwa. Pesa ikatoka kwa loya wangu moja kwa moja kwenda kwa loya wa yule kijana, haikugusa mkono wa mama wala wa dalali. Loya wa kijana akathibitisha imeingia, ndipo karatasi zikaachiliwa na kaushoni ikaenda kuondolewa. Ilichukua siku mbili na jasho jingi, lakini hakuna aliyelala bila pesa wala bila karatasi.

Wa kwanza akikataa kuondoa kaushoni na hana sababu, msajili anaweza kumpa notisi ajieleze. Hilo ni jambo la muuzaji kupigania, si lako. Usisaini mpaka limalizike.

HATUA YA 9: Saini

Hapa inakuwa kama ununuzi mwingine wowote. Mashahidi, ridhaa ya mume ama mke kama ni nyumba ya ndoa, vyeti vya reti za kaunti na kodi ya ardhi kama ni lizi. Pesa kwa benki, si kwa bahasha. Na sharti la loni weka na wewe ndani ya mkataba wako kama unatumia benki, usione aibu kwa sababu ndilo lililomuangusha mwenzako, bila hilo benki yako ikigeuka dipoziti yako itaenda.

Na kama wa kwanza atamaliza dili yake, ambayo hutokea, mwambie loya wako aandike barua fupi ya kufunga ofa, chukua chochote ulichokiweka kwake, halafu pita kwa muuzaji umpe mkono. Yule mama ana dadake Kizingo ambaye naye anafikiria kuuza, na namba yangu alimpa yeye mwenyewe.